Dreva za Grafiki Zinazihitaji Kompyuta Kuukuu za Lamu

Mashine nyingi tunazotumia Lamu zimekwisha kufanya kazi kwingine kabla hazijavushwa kutoka Mokowe. Laptopu imetumika ofisini Ulaya kwa miaka, ikauzwa Mombasa mtumba, ikapanda basi kisha boti, na sasa iko mtaa wa Langoni inatengeneza kadi za harusi na mabango ya Maulidi. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye mashine hizi wamebanwa, kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Wengi wanahamia Linux, mfumo endeshi huria. Nina neno kwao, na kwa mafundi wanaowahudumia: kompyuta hizi kuukuu ni mali kwa watu wanaotengeneza dreva huria za grafiki, na mali hiyo bado tumeikalia.

Dreva ya grafiki ndiyo programu inayopokea agizo la kuchora, iwe dirisha, herufi au mchezo mzima wa mpira, na kuligeuza liwe maelekezo ambayo kadi husika inayaelewa. Kwenye Linux kazi hii imegawanywa pande mbili. Upande mmoja uko ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo, unagawa kumbukumbu na kupanga foleni ya kazi. Upande wa pili uko katika Mesa, mradi alioanzisha Brian Paul mwaka 1993, ambao leo unabeba dreva za Intel, AMD, Nvidia, za chipu za simu ziitwazo Mali na Adreno, hata za kompyuta za Apple. Hitilafu yaweza kukaa upande wowote, na fundi asiyejua ni upande gani atahangaika bure.

Watu hudhani kilicho huria ni cha kushikilia tu, kwamba dreva halisi ni ya kiwanda. Tazama grafiki za Intel za kizazi cha Ivy Bridge, zilizotoka 2012 na zimejaa tele kwenye laptopu za mtumba. Dreva ya Intel ya Windows iliishia toleo la 4.0 la OpenGL, lugha ambayo programu huitumia kuiagiza kadi ichore, Mesa inaipa kadi ile ile toleo la 4.2. Haswell, iliyofuata mwaka mmoja baadaye, iliishia 4.3 kwenye Windows, na Mesa imeifikisha 4.6. Tofauti hiyo si ya makaratasi. Blender, programu ya kuchora picha za 3D, kuanzia toleo la 4.0 inadai OpenGL 4.3, kwa hiyo kijana wa Haswell yumo ndani na wa Ivy Bridge yuko nje. Chuma hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba kuna watu waliendelea kukifanyia kazi baada ya muuzaji kugeukia bidhaa mpya.

Anayeishi kisiwa hiki hahitaji kuelezwa sana. Jahazi lililoundwa Matondoni likianza kuvuja, mwenyewe halazimiki kumtafuta fundi aliyeliunda. Fundi yeyote mwenye pamba, sifa (mafuta ya papa) na ujuzi wa kukalafati atalipandisha pwani na kuziba nyufa, kwa kuwa mbao zote ziko wazi mbele ya macho yake. Dreva huria iko hivyo. Msimbo wake unasomeka, na anayeujua anaweza kuuziba hata kama hajawahi kukanyaga kiwandani.

AMD ilianza kutoa nyaraka za kadi zake mwaka 2007, na faida yake inaonekana hadi leo. Kadi zake za kizazi cha kwanza cha muundo uitwao GCN zilianza kuuzwa mwanzoni mwa 2012. Miaka mingi zilibaki na dreva ya zamani ya keneli iitwayo radeon, huku dreva mpya, amdgpu, ikizihudumia kwa mapungufu. Mwaka 2025 Timur Kristóf, mhandisi anayefanya kazi na timu ya kampuni ya gemu ya Valve, alikaa akajaza mapungufu hayo moja baada ya jingine, hadi kuanzia Linux 6.19 kadi hizo zinatumia amdgpu bila mtu kugusa chochote. Kadi yenye umri huo kupata dreva bora kuliko iliyoingia nayo sokoni ni jambo la kushukuriwa hadharani, na nalishukuru hapa.

Upande wa pili wa hadithi ni Nvidia. Wana-Nouveau, watu wa dreva huria ya kadi za Nvidia, waliijenga kwa kuchunguza kadi zinavyofanya kazi, bila nyaraka. Lakini kadi zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2014 zilidai programu ndogo za ndani zenye saini ya kampuni, na bila saini hiyo Nouveau haikuweza kupandisha kasi ya saa ya kadi. Dreva ikawa nzuri, kadi ikawa nzima, na bado kazi ikatambaa. Mlango ulikuja kufunguka kwa kadi za Turing za 2018 na zilizofuata. Zilizoko katikati ya miaka hiyo zimebaki zilivyo, na ukiulizwa na mtu anayenunua mtumba, mwambie hivyo kabla hajatoa pesa.

Sasa nije kwenye hoja inayoniwasha. Sifa nyingi katika uwanja huu huenda kwa kasi: gemu fulani limeongezeka fremu kadhaa kwenye kadi iliyotoka juzi. Ni kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kwa maoni yangu, anayerekebisha hitilafu moja kwenye kadi ya miaka kumi na mitatu amewafaa watu wengi zaidi wa aina yetu, na kazi yake ndiyo ngumu zaidi kupata mtu wa kuijaribu. Kila badiliko linalotaka kuingia Mesa hupitishwa kwenye mashine za majaribio, lakini mashine hizo haziwezi kubeba kila kadi iliyowahi kuuzwa duniani. Isiyojaribiwa huoza polepole. Badiliko lililokusudiwa kusaidia kadi mpya linagusa mstari unaotumiwa na kadi ya zamani, na hakuna anayejua hadi mtu awashe kompyuta yake.

Mwanzoni mwa 2022, Mesa iliondoa dreva zake za muundo wa kale na kuzihifadhi katika tawi la pembeni liitwalo Amber. Wako waliolalamika. Mimi naona ilikuwa sawa, kwa sababu msimbo usio na mtu wa kuujaribu ni mzigo kwa wote. Na kabla ya hapo, Dave Airlie alikuwa ameandika dreva mpya, Crocus, kwa ajili ya kadi za Intel za kizazi cha nne hadi cha saba kwa hesabu ya grafiki, si ya prosesa, zile zile zilizotapakaa kwenye saiba zetu. Iliingia Mesa mwaka 2021. Bila kazi hiyo, kompyuta nyingi za Lamu leo zingekuwa zinategemea tawi lisiloendelezwa.

Niseme na tunavyofanya sisi. Mteja akileta kompyuta inayosuasua, dawa ya kwanza mitaani ni kufomati. Sikubaliani na dawa hiyo. Kufomati kunafuta ushahidi, na hitilafu ikiwa ya dreva itarudi wiki ijayo na mteja atalipa tena.

Kuna bwana mmoja wa Langoni anayebuni mabango kwenye brauza. Akisogeza ukurasa, herufi za Kiarabu zilikuwa zikikatika vipande vya mraba: nukta za ya huku, kichwa cha mim kule. Alikuwa ameshaambiwa skrini imekufa. Lakini skrini iliyokufa haichagui herufi. Tuliifungua brauza upya kwa LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1, amri inayoilazimisha Mesa ichore kwa prosesa badala ya kadi. Herufi zikatulia. Tukawasha keneli ya zamani, zikakatika tena, kwa hiyo keneli haikuwa na hatia. Tukarudisha toleo la nyuma la Mesa, zikatulia. “Kumbe mashini yangu ni nzima, mwanangu?” akauliza. Nzima kabisa. Kuanzia hapo kazi ikawa ya git bisect, amri ya programu ya git inayotunza historia ya msimbo: unaipa toleo zima na toleo bovu, unagawa mabadiliko yaliyo katikati nusu kwa nusu, na kila ukijaribu unatupa nusu moja. Mabadiliko elfu moja huisha kwa majaribio kumi hivi. Kujenga Mesa kwenye laptopu kuukuu kunachosha, lakini si lazima uondoe ile ya mfumo. Unaijengea folda yake na kuijaribu pembeni. Aliyejibu ripoti hakuwa tena na kadi ya kizazi hicho. Alituma kiraka, tukakijaribu hapa, kikakubali.

Hilo ndilo nililoliita mali. Mwenye ujuzi wa msimbo hakuwa na kadi, na sisi kadi tunayo.

Bila shaka si kila uzito ni hitilafu ya dreva, hasa katika mji huu ambao hewa yake ya chumvi inakula feni na kuziba matundu ya joto. Kabla ya kulaumu msimbo, fungua, safisha, badilisha mafuta ya kupoozea prosesa. Kisha andika glxinfo -B na usome mstari wa kifaa kinachochora. Ukiona neno llvmpipe, basi kadi haifanyi kazi yoyote. Prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na mara nyingi kinachokosekana ni kifurushi kimoja tu. Nimeona pia saiba zinazorudisha kompyuta katika hali ya mwanzo kila zinapozimwa. Ni busara kwa usalama, lakini inafuta kashe ya sheda, yaani programu ndogo za kuchora zilizokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya kadi, ambayo Mesa huihifadhi kwenye folda ya mtumiaji, na matokeo yake ni kwamba kila asubuhi kompyuta inatafsiri upya yale iliyoyatafsiri jana. Wateja wa kwanza wanalalamika gemu linakwama, wa mchana hawaoni neno. Iache folda hiyo isalie, na malalamiko yataisha bila kununua chochote.

Vijana wengi wananiambia wanaogopa kuandika ripoti kwa sababu ya Kiingereza chao. Hofu hiyo haina msingi. Anayeisoma ripoti anataka jina la kadi, toleo la keneli, toleo la Mesa, hatua za kulizalisha tatizo, picha ya skrini na maandishi ya dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa keneli. Ukiongeza namba ya badiliko lililoleta hitilafu, umeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Ripoti inayosema “grafiki mbovu, saidieni” itakaa hata ikiwa na Kiingereza cha Oxford.

Bando ni kikwazo cha kweli, maana historia ya Mesa ni nzito kuishusha. Git inaruhusu kuchukua historia bila mafaili yote ya kale, kwa --filter=blob:none, na fundi mmoja akishaishusha anaweza kuwapa wenzake kwa fleshi.

Mesa hutoa toleo kubwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na kabla ya kila toleo huwa na matoleo ya majaribio yanayotoka wiki hadi wiki. Wakati huo ndio wa kuwasha zile laptopu za Ivy Bridge na Haswell, kufungua brauza, video, Blender ya zamani na gemu linalopendwa na wateja, na kutazama kwa makini. Hitilafu ikionekana wiki hiyo, bado kuna nafasi ya kuirekebisha kabla haijasambazwa kwa kila mtu. Mafundi watatu wa Langoni na Mkomani wakigawana kadi tofauti, wanatosha kuanza.