Tatizo sio subira, tatizo stori

Mwandishi unasema watazamaji wa siku hizi hawana subira ndo mana wanaikimbia bongo muvi wanahamia kwa Wakorea, mi hapo nakataa. Huku Mtwara ile tamthilia ya Kikorea Squid Game tumeifuata toka 2021 mpaka msimu wa tatu umetoka Juni 2025, huko ni kukosa subira? Ule wa kwanza ulikuwa moto bana, watu 456 wana madeni yao wanacheza michezo ya watoto afu ukikosea risasi, hata bibi alielewa bila kusoma maandishi ya chini. Huu wa tatu sasa, wale matajiri wa vinyago wanaongea kama wanasoma karatasi, na kichanga kuingizwa mchezoni nilitaka kuzima kabisa.

Kingine hujakigusa, wengi tunaangalia zilizotafsiriwa. Pale kibanda umiza (banda la kuonyeshea muvi) Chikongola dada wa watu kwenye muvi analia kafiwa, DJ anayetafsiri anapita juu ya sauti yake "oya huyu kalizwa huyu", kibanda kizima kicheko, huzuni kwishney. Za ngumi sawa raha tu ila za mapenzi waache waigizaji waongee wenyewe.

Bongo muvi enzi za mwigizaji marehemu Kanumba tulinunua sehemu ya kwanza na ya pili, stori moja CD mbili, na hatukulalamika (sawa, kidogo tulilalamika) kwa sababu mtu alikuwa anaigiza kweli. Za sasa nyingi warekebishe sauti kwanza, mama mkwe anatoa siri ya ukoo we unasikia upepo na bodaboda.