Kipuri kidogo kwenye bunduki ya shabaha: tofauti iko wapi hasa?

Kifyatulio kipya, kitako cha mpira, kishikio kikubwa cha bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma ya mtutu), springi nyepesi: vipuri hivi vyote huuzwa kwa ahadi moja, kwamba utalenga vizuri zaidi. Waliovifunga husema tofauti wameiona. Wanaovipinga husema fedha ile ingenunua risasi za mazoezi. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ila kifyatulio nakitetea.

Bunduki nyingi za uwindaji zina uzito wa kilo 3 hadi 4, na baadhi hutoka kiwandani na kifyatulio kinachotaka kuvutwa kwa nguvu ya kilo 2 au zaidi. Nguvu hiyo hutoka kwenye mkono uleule unaotakiwa kutulia. Jaribu hivi: hakikisha mara mbili kwamba chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu, elekeza mtutu mahali salama, mwenzako asimame ubavuni na kuweka sarafu juu ya mtutu, kisha vuta. (Baadhi ya bunduki za .22, zile za risasi ndogo, huharibika zikifyatuliwa tupu, kwa hiyo tumia risasi bandia za mazoezi.) Kifyatulio kizito kinachokwaruza huitikisa sarafu mpaka ianguke. Kilaini, kinachokatika ghafla kama kijiti kikavu, huiacha ilipo.

Hata hivyo wepesi una hatari yake, na hapo wapinzani wana haki kabisa. Kidole chenye glavu au kilichokufa ganzi kwa baridi hakihisi gramu mia chache. Hata mashindano ya kimataifa ya bastola ya hewa ya mita 10 hayaruhusu kifyatulio cha chini ya gramu 500. Ukishafunga kipya, ikoki bunduki ikiwa tupu, gonga kitako sakafuni. Ikifyatuka yenyewe, kitoe siku hiyohiyo.

Kipande kinachofungwa mdomoni mwa mtutu nacho hupunguza kweli msukumo unaopiga bega, lakini hurudisha kishindo kwa mpigaji na kwa walio pembeni yake, wakati mlio wa bunduki kubwa tayari hupita desibeli 140 na kuumiza masikio. Kishikio cha bolti hurahisisha kukoki kwa haraka. Risasi ikishatoka, hakina la kuifanyia.

Kinachonisumbua zaidi ni jinsi watu wanavyopima. Mtu anafunga kipuri, anapiga risasi 3, matundu yanakaribiana, anaamini. Bunduki ileile, bila kuguswa, inaweza kuweka risasi 3 ndani ya sentimita 2 kwa mita 100, na 3 zinazofuata zikatawanyika sentimita 4. Piga 10 na kipuri cha zamani na 10 na kipya, siku moja, risasi za aina moja. Na kwa mita 300, upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma risasi ya .308, aina ya kawaida ya uwindaji, zaidi ya sentimita 15. Hakuna springi inayorekebisha hilo. Anayejua kusoma upepo hulirekebisha, na kujua huko huja kwa risasi nyingi za mazoezi.

Kabla ya kununua chochote, shika bisibisi ukague skrubu zinazobana darubini. Moja ikilegea, matundu hutangatanga kwenye karatasi, na mwenye bunduki hulaumu mtutu, risasi, hata macho yake.