Karatasi ya Steshenari Imepangwa Vizuri Kuliko Tovuti Yako

Karibu na soko la Mwanga, hapa Kigoma mjini, steshenari zimekaa bega kwa bega. Zamani kazi yake ilikuwa kutoa kopi na kuuza madaftari. Siku hizi kopi ni ya pembeni, kinacholeta hela ni kujaziwa. Mtu anakuja na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, anakaa kwenye benchi, anasubiri zamu yake ajaziwe maombi ya mkopo wa chuo, maombi ya ajira, TIN, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wengi wao wana simu janja mkononi, na wakati wanasubiri wanaangalia video. Bando wanalo. Walijaribu wenyewe jana usiku, wakazunguka kwenye menyu hadi wakachoka, asubuhi wakabeba bahasha.

Mimi naona biashara hii ndiyo ripoti ya kweli kuhusu jinsi tunavyopanga taarifa kwenye tovuti na mifumo yetu. Inaandikwa kila siku, mtaani, mbele ya macho ya watu, na ofisi zinazohusika hazina habari nayo.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na vijana wa steshenari. Kuna mtu anahitaji skana, kuna asiye na simu ya maana, kuna anayeogopa kukosea kwenye jambo la serikali na anataka mtu wa kumlaumu mambo yakiharibika. Hao wangekuja tu hata mfumo ungekuwa mzuri namna gani. Nawazungumzia wale wanaolipa kwa sababu hawajui jambo lao limewekwa wapi.

Sasa inua macho uangalie ukutani, juu ya printa. Kuna karatasi ya A4 imebandikwa kwa selotepu, pembe moja imeshabanduka, imeandikwa kwa herufi kubwa: Kuomba kazi. Mkopo wa chuo. Cheti kimepotea. Mtoto hana cheti. Kufungua biashara. Kuangalia matokeo. Picha za pasipoti. Basi. Hakuna jina la idara hata moja. Kijana aliyeiandika hakusomea popote namna ya kupanga taarifa, ila anasikia watu wanavyouliza kuanzia asubuhi hadi jioni, akaandika walivyouliza.

Linganisha na tovuti nyingi za ofisi zetu. Kuhusu Sisi, Utawala, Idara, Vitengo, Machapisho, Kituo cha Habari. Hiyo ni chati ya ofisi iliyolazwa chini. Ni kama mwenye duka anayepanga bidhaa kwa majina ya wasambazaji wake, kisha anashangaa mteja anayeuliza chumvi iko rafu ipi. Na sababu yake inajulikana kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kupitisha tovuti: kila mkuu wa kitengo anataka kitengo chake kionekane juu. Menyu inayotoka hapo ni matokeo ya mapatano kati ya watu wa ofisini, na anayekuja kutafuta hakuwakilishwa.

Chukua jambo lililotugusa wote huku. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa mji unaokula na kuuza dagaa na migebuka, maswali yalikuwa mepesi kuuliza: ziwa linafungwa lini, linafunguliwa lini, mzigo wangu wa dagaa nilionao stoo nausafirishaje? Ujiulize majibu hayo yangewekwa wapi kwenye tovuti yenye menyu niliyoitaja. Habari? Matangazo? Taarifa kwa Umma? Machapisho? Au uingie Idara, halafu Mifugo na Uvuvi, halafu ushuke hadi chini? Waulize wafanyakazi watatu wa ofisi hiyohiyo wanaopakia nyaraka, uone kama watakubaliana.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili linapimika, tena kwa bei ya kalamu na karatasi. Donna Spencer, mtaalamu wa kupanga taarifa kutoka Australia, alieleza njia ya kupima hivyo tangu mwaka 2003, akitumia kadi za karatasi: unaondoa rangi, picha, nembo na kila pambo la tovuti, unabakiza vichwa vya menyu peke yake. Kadi ya kwanza ina vichwa vikuu. Mtu akichagua kimoja, unampa kadi ya vilivyo chini yake, na hivyo hivyo hadi afike mwisho au akate tamaa. Baadaye zikaja programu za kufanya kazi hiyo mtandaoni, ila msingi haujabadilika. Unapima mpangilio ukiwa uchi. Kama mtu hafiki bila pambo, pambo halitamfikisha.

Nimewahi kulifanya jaribio hili Kibirizi, mchana, mwaloni pakiwa pametulia. Asubuhi usithubutu, mitumbwi ikiingia hakuna wa kukusikiliza. Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na karatasi, ni mambo ya sensa?"

Nikamweleza si sensa, wala simpimi yeye, naipima hii karatasi. Nikampa swali: mjukuu wako kazaliwa nyumbani, hakuzaliwa hospitali, unataka kujua pa kuanzia ili apate cheti. Ungegusa wapi? Akaisogeza kadi mbali na macho, akavisoma vichwa vyote polepole, kisha akaweka kidole juu ya Kuhusu Sisi.

"Kwa nini hapo, mzee?"

"Si mmeandika sisi? Mimi ni mwananchi. Ni sisi hao."

Na hakuwa mtu wa kutania. Kadi iliyofuata ilikuwa na Historia, Dira na Dhamira, Muundo wa Taasisi. Akaitazama, akanirudishia, akaendelea na wavu wake.

Jibu la namna hiyo hulipati kwenye semina ya hotelini. Wala hulipati kwa kuuliza "Tovuti yetu unaionaje?", swali ambalo nadhani lingepigwa marufuku kwenye madodoso yote. Watu wetu wana adabu. Ukimuuliza mama anayeuza mawese kama kazi yako ni nzuri, atakuambia nzuri tu mwanangu, hongereni, Mungu awabariki. Utarudi ofisini na karatasi zimejaa hongera, na kesho yule mama yuko kwenye benchi la steshenari. Usimwombe maoni. Mpe shughuli, nyamaza, andika kidole kilipotua kwanza, aliporudi nyuma, na alipoishia. Wakiwa wawili na wakaanza kuteta kwa Kiha, usiwakatize, sababu zenyewe hutoka hapo.

Kidole cha kwanza kina uzito wake. Watafiti Bob Bailey na Cari Wolfson wa Marekani walionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akianza na mbofyo sahihi, uwezekano wa kumaliza alichokuja kufanya ulikuwa kama asilimia 87, na akianza vibaya ulishuka hadi kama 46. Kwa hiyo ukiwa na muda mdogo, pima hatua ya kwanza tu.

Swali lenyewe nalo lina ufundi, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Kama kwenye menyu umeandika Leseni za Biashara, usimuulize mtu "Ungepata wapi leseni ya biashara?" Huyo unampima kusoma herufi. Mwambie umekodi fremu pale Ujiji, unataka kuuza vitenge, na hutaki mtu wa halmashauri aje kukufungia. Hapo atatafuta kama anavyotafuta akiwa na shida yake.

Na usimpime kijana wa steshenari. Yeye ndiye anayetumia huo mfumo kuliko mtu mwingine yeyote Mwanga nzima, na atafaulu kila swali macho yamefumba. Amekariri njia, hajaielewa, na hana haja ya kuielewa. Ubaya ni kwamba takwimu za tovuti zinamhesabu yeye. Ripoti ya mwezi inasema matumizi yamepanda, watu wanamaliza maombi kwa dakika chache, na mkuu anafurahi. Waliomaliza ni vijana wachache wenye kompyuta zilizochakaa, wakifanya kwa niaba ya mji mzima. Ukitaka kujua ukweli, wapime walioko kwenye benchi.

Ukishapata majibu, usikimbilie kuhesabu waliofaulu na waliofeli. Angalia walivyopotea. Wakipotea wote kuelekea sehemu moja, wamekuonyesha mahali kitu hicho kinapotakiwa kukaa, kihamishie huko au angalau uweke njia ya kufika kutokea huko. Wakitawanyika, huyu huku na yule kule, ujue vichwa vyako havisemi kitu kwa mtu yeyote, na kuhamisha hakutasaidia. Unahitaji kuandika upya. Nimeona mafundi wa tovuti wanachanganya hali hizi mbili, wanahamisha vitu mwaka hadi mwaka kwenye menyu ambayo haina maana popote unapoiweka.

Hapo kwenye kuandika upya ndipo inapoingia kazi nyingine ya kadi, ya kupanga mafungu. Unaandika kila huduma kwenye kadi yake, unamwaga mezani, unawaambia watu wazipange mafungu wanavyoona wao, kisha kila fungu waliwekee jina. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alishauri mwaka 2004 watu 15 kwa kazi hii, wakati kwa majaribio ya kawaida ya matumizi amezoea kusema 5 wanatosha. Tofauti inaeleweka: ukimtazama mtu akikwama kwenye fomu, wa tano atakwama palepale alipokwama wa kwanza, lakini vichwa vya watu vinapanga dunia kwa namna nyingi. Mkulima wa Kasulu na mfanyabiashara wa Mwanga hawatakupa mafungu yaleyale. Ukiwapima wa Mwanga tu, umepanga tovuti ya Mwanga.

Kwa menyu za simu, zile za kubonyeza nyota na reli, mambo ni makali zaidi, maana pale hakuna pambo la kuondoa. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 182 tu, kwa hiyo orodha ndefu inakatwa na kinachobaki kinafichwa nyuma ya neno Mbele au Zaidi. Watu wamezoea kwa kukariri namba. Mama wa mawese hasomi, vidole vyake vinajua nne, moja, tatu. Siku kampuni inapoamua kupanga upya ili kuingiza huduma yake mpya nafasi ya pili, vidole vyote vya nchi vinapotea kwa usiku mmoja, na safari hii kuna hela ndani yake. Mpangilio mpya unaweza kuwa bora kweli kwa mtu mgeni. Ndiyo maana lazima upimwe kwa wageni na kwa waliokariri, kila kundi peke yake, na uamue kwa macho makavu nani unakubali kumsumbua.

Najua nitaambiwa haya yote yamepitwa na wakati, kwamba watu hawafuati menyu, wanaandika tu Google. Ni kweli wanaandika. Wakishaandika wanapata faili ya PDF ya miaka mingi nyuma, haina tarehe kwenye jina, haina ukurasa unaoizunguka kusema kama bado inatumika. Mtu anajaza fomu ya zamani, anapeleka, anarudishwa. Kutafuta kunakutupa katikati ya nyumba, mpangilio ndio unakuambia uko chumba gani. Wanaosema tutaweka roboti la kujibu maswali nawauliza roboti hilo litasoma wapi, kama wenye ofisi wenyewe hawakubaliani tangazo linawekwa Habari au Machapisho.

Suala la gharama silipokei kabisa. Kadi, kalamu, soda za kuwashukuru watu, nauli ya bajaji hadi Ujiji na Kibirizi. Kwenye bajeti ya tovuti hata picha ya jengo la ofisi iliyowekwa ukurasa wa mbele imegharimu zaidi.

Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye mkataba. Mikataba ya tovuti inadai nembo, rangi, idadi ya kurasa, mafunzo kwa watumishi, na siku ya uzinduzi yenye mgeni rasmi. Kama ingedai pia kwamba kabla ya malipo ya mwisho, maswali kumi ya wananchi yajaribiwe kwa watu wasio watumishi, na matokeo yabandikwe kwenye ripoti pamoja na vidole vilipotua, mafundi wangeanza kwenda sokoni wenyewe bila kusukumwa. Maswali hayo kumi hata hayahitaji kutungwa. Yako ukutani kwenye steshenari, na ukiomba vizuri watakutolea na kopi.