Patasi Iliyorudi Iking'aa

Wiki iliyopita jirani yangu alinirudishia patasi aliyokuwa ameiazima, na kwa nia njema kabisa alikuwa ameamua kunilipa fadhila kwa kuiondolea kutu. Alikuwa ameibana kwenye mashine ya kunolea, akaisugua pande zote hadi ikang'aa kama kioo, na aliponiona nimenyamaza alidhani nimekosa maneno ya kumshukuru. Nilichokuwa nikikitazama ni doa la buluu lililotanda kwenye ncha.

Anayefahamu vyuma atakuwa ameshaguna. Patasi hupata ugumu wake kwa kuchomwa hadi iive na kuwa nyekundu, kuzamishwa ghafla katika maji au mafuta, kisha kupashwa moto tena kwa kiasi, aghalabu nyuzi 200 na ushei, ili isiwe ngumu ya kukatika kama kigae. Buluu huanza kuonekana karibu na nyuzi 300, joto linaloilainisha patasi kupita kiasi. Maana yake ni kwamba jiwe la mashine, kwa muda mfupi wa cheche za kupendeza, lilikwisha kuitengua kazi ya mfua chuma, na sasa makali ya patasi hiyo yatalala kila yanapokutana na fundo la mti. Imeng'aa, sikatai.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kutu yenyewe ilikuwa wekundu mwembamba tu, ambao siki ya kawaida ingeumaliza usiku mmoja bila mtu kutoka jasho. Watu wengi huichukulia kutu kama uchafu uliodondokea juu ya chuma, kwa hiyo wanaivamia kwa hasira, ilhali kutu ni chuma chenyewe kilichokwisha kuliwa na hewa na maji. Kilicholiwa hakirudi, swali pekee lililobaki ni utapoteza kiasi gani zaidi cha kile kilicho kizima. Mashine haichagui, bali hula kutu na chuma kwa pamoja, hupinda mgongo uliokuwa umenyooka na hufuta pembe zilizokuwa na kazi yake. Siki, ambayo asidi yake ni takribani asilimia 5 tu, huilegeza kutu taratibu huku chuma kizima kikidhurika kidogo sana. Unachomoa mpini, unaizamisha patasi yote, unalala. Asubuhi unaisugua kwa brashi ya waya, unaisuuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi iliyobaki, unaikausha papo hapo na kuipaka mafuta. Hapo pa kukausha ndipo wavivu wanapoumbuka, kwa sababu chuma kilichotoka kuvuliwa kutu kiko uchi na kinaweza kuanza kuwa chekundu tena kabla hujamaliza kujisifu.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba siki nayo ina mipaka. Ukikisahau chombo ndani yake kwa siku nyingi utakikuta kimechimbika na kuwa cheusi, na ukizamisha kitu kilichopakwa zinki, asidi itaivua zinki hiyo kwanza. Nakiri pia kwamba kwa geti au jembe lililoota magamba ya kutu, mashine ina nafasi yake. Wapo wanaotumia umeme wa chaja ya betri na maji ya magadi, na njia hiyo ni nzuri mno, mradi wafanye kazi nje, kwa kuwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa urahisi, na wasithubutu kufunga chuma kisichoshika kutu kwenye waya wa chanya wa chaja, kwa kuwa hutoa sumu ya kromiamu. Na anayedhani ataongeza nguvu ya siki kwa kuichanganya na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ajue kwamba atavuta gesi ya sumu.

Patasi yangu sasa nainoa kwa mkono juu ya jiwe lenye maji, nikiila ile buluu kidogo kidogo hadi nifike kwenye chuma kigumu, kama bado kipo. Jana jirani alikuja tena, akaulizia randa. Nilimjibu kwamba naihitaji sana, ingawa sina hata ubao mmoja wa kulainisha mwezi huu.