Senti za Akina Mama wa Boston na Harambee Zetu

Kila Januari kanisa ninaloabudu hapa Massachusetts hunitumia barua yenye jumla ya nilichotoa mwaka mzima, tarehe kwa tarehe. Ni kwa ajili ya kodi, najua. Lakini mwaka huu ilifuatana na taarifa ya matumizi, hadi pesa za fundi wa bomba la choo, nami nikaisoma kwa raha sana. Kule nyumbani nimechangia mabati ya kanisa lile lile tangu nikiwa kijana, na risiti sijawahi kuiona.

Mtasema ni kwa sababu wana pesa. Hapana! Tabia hii waliijenga walipokuwa hawana.

Wakisimulia misheni za Marekani, watu hupenda kuanzia kwa wanafunzi watano wa chuo cha Williams ambao, Agosti 1806, walikimbilia kwenye lundo la nyasi kavu kujikinga na mvua ya radi, wakaomba pale pale, na Samuel Mills akashikilia kwamba injili ipelekwe Asia. Mnara wao bado upo Williamstown. Mwaka 1810 ikaundwa bodi ya misheni za nje. Februari 1812, mjini Salem, vijana watano wakawekewa mikono kuwa wamisionari, na siku chache baadaye Adoniram Judson na Samuel Newell wakapanda merikebu na wake zao kwenda Calcutta. Harriet Newell alifia Mauritius kabla mwaka haujaisha, akiwa na miaka 19. (Ni Salem hiyo hiyo ambayo baadaye wafanyabiashara wake walituletea kitambaa cha merikani Unguja.)

Sawa, lakini nani aligharamia? Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwaka 1800 Mary Webb, binti wa Boston asiyeweza kutembea, aliwakusanya wanawake Wabaptisti na Wakongregesheni wachangie misheni. Miaka miwili baadaye Mehitable Simpkins akaanzisha mchango wa senti moja kwa wiki. Senti moja! Mwanzoni ilinunua Biblia na vitabu vya dini kwa waliohamia maeneo mapya ya mpakani, lakini vikundi vya namna hiyo vilienea mji kwa mji, na bodi ilipohitaji fedha za ng'ambo, mkono wa kutoa ulikuwa umeshazoea. Gazeti la bodi lilichapa orodha za michango, mji baada ya mji, dola na senti. Wengine waliandikwa "rafiki wa misheni" tu, jina hakuna.

Sasa linganisha na kwetu. Mheshimiwa anafika ibada imefika nusu, watu wanasimama, anapewa kipaza sauti, anataja laki zake, vigelegele. Mama aliyeuza kuku ili atoe mia mbili anatia kwenye kikapu kimya kimya. Jina la mtoaji tunalijua sote. Kilichonunuliwa hatukijui.

Najua nitakachoambiwa: amefika majuu, sasa kwao kunanuka. Mwacha mila ni mtumwa. Jamani, mila ipi? Mama zetu walijenga makanisa na shule kwa chama na merry-go-round, daftari likisomwa mbele ya kila mmoja, na ole wake aliyekosea hesabu. Hiyo ndiyo mila, na najivunia. Kipaza sauti cha mheshimiwa kimekuja juzi.

Wala siwasafishi Wamarekani. Mmisionari John Eliot alichapa Biblia nzima kwa lugha ya wenyeji wa Massachusetts mwaka 1663, lakini vita kati ya walowezi na wenyeji vilipozuka 1675 Wakristo wake wa Natick walipelekwa kisiwani Deer Island katika baridi kali, wengi wakafa. Na kabla ya vijana wa Salem, George Liele, mtumwa aliyeachwa huru Georgia, alikuwa ameshahubiri Jamaica miaka ya 1780, baada ya kujifunga kazi kulipia nauli yake. Huyo hakuwa na bodi wala gazeti la kumchangia, na hapa wanaomtaja ni wachache. Hilo pia linaniudhi.

Nimeambiwa kuna harambee nyingine kanisani kwetu, mara hii ya madhabahu. Nitatuma, kama kawaida. Ila nimemwandikia mweka hazina, ambaye namheshimu kama kaka yangu, kwamba taarifa ya pesa za mabati ibandikwe kwanza mlangoni: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki.