Bhalo Naye Aliiga

Wazee wanaolalamika kwamba wanamuziki vijana wa Mombasa wanaiga Wanaijeria na Waafrika Kusini, wengi wao ni mashabiki wa kufa kupona wa Juma Bhalo. Marehemu Bhalo, aliyetutoka 2014, alijijengea jina kwa taarabu ya Kihindi: mahadhi ya filamu za Bombay, maneno ya Kiswahili, na harusi nzima ikiitikia. Ukitaka ladha ya Uarabuni ulikuwa na Zein l'Abdin na udi wake, ile ala ya nyuzi. Kwa hiyo mtu akiniambia muziki umeoza kwa sababu ngoma ya leo ina midundo ya amapiano ya Afrika Kusini, namuuliza tu alicheza nini kwenye harusi yake.

Lalamiko la pili ni kwamba nyimbo zimekuwa fupi, dakika mbili na nusu kwisha. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, na hakuna anayemwita Siti mwimbaji wa nyimbo za haraka haraka. Kaseti ndiyo iliyokuja kuachia kamba. Hapo wimbo mmoja wa harusini ungeweza kupita dakika kumi, udi ukijisemea kwanza kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Leo Spotify haihesabu wimbo kuwa umesikilizwa mpaka zitimie sekunde 30, na prodyuza anayejua kazi yake hawezi kumweka msikilizaji kitini akisubiri udi umalize mazungumzo yake. Urefu wa wimbo, zamani na sasa, umeamuliwa zaidi na chombo kuliko na kipaji.

Na maneno mepesi? Bendi ya Them Mushrooms ilitoa "Jambo Bwana" 1982, wimbo wa salamu na karibu kwa watalii wa mahoteli yetu. Ni wimbo mzuri, naupenda, lakini tusijifanye kwamba ndani yake mna falsafa. Tena tukumbuke kwamba za zamani tunazozisikia leo ni zile zilizosalia. Nyimbo mbovu za miaka ya sabini zilikufa pamoja na kaseti zake, hazina wa kuzitetea wala wa kuzichukia.

Wapo watafiti wa Uhispania waliopima jambo hili kwa kompyuta. Mwaka 2012 walichapisha uchambuzi wa rekodi karibu nusu milioni za muziki wa Magharibi, kuanzia 1955 hadi 2010, wakaona mpangilio wa noti umepungua aina, sauti za ala zimefanana zaidi na rekodi zimezidi kelele. Sawa. Ila rekodi zao ni za Magharibi, na hata zingekuwa zetu, kompyuta ile ilipima sauti. Haikusoma beti.

Kwenye beti ndipo ninapokubaliana na wazee, tena kwa moyo wote.

Wimbo wa taarabu wa Mombasa ulikuwa shairi kwanza. Beti za mishororo mitatu, kila mshororo vipande viwili, vina vya kati na vya mwisho, mizani imehesabiwa. Na mara nyingi aliyeimba siye aliyetunga. Bhalo aliimba tungo za Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita, ambaye angebaki mshairi mkubwa hata kama asingeimbwa na mtu. Mahadhi yaliazimwa India, lakini maneno yalitoka kwa bingwa. Halafu kulikuwa na wale wenye siri zao. Mtu ameachwa, au kuna jirani anamchokoza, anakwenda kwa mtunzi na kumweleza kisa chake. Kisa kinafichwa ndani ya fumbo, fumbo linaimbwa mbele ya watu, mhusika anainuka kwenda kutunza huku adui yake ameinamisha kichwa. Wote waliokaa pale walilazimika kufikiri: analengwa nani?

Kijana wa leo anaingia studio, biti inapigwa, anaanza kunong'ona maneno mpaka moja linase. Yeye ndiye mtunzi, mwimbaji, mara nyingine na mpiga picha za video yake. Kipaji anacho, nimesikia sauti kutoka Kisauni na Likoni ambazo kwaya yoyote ingeziomba. Lakini hakuna mtu wa pili wa kumwambia mstari huu umepwaya, kaufume upya. Matokeo ni "beibi" mara arobaini na kina kimoja cha "-ana" kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nisieleweke kwamba baada ya taarabu kukawa jangwa. Ukoo Flani, kundi la rap, walianzia hapa hapa Mombasa, na mistari yao inahitaji kurudiwa mara mbili tatu ndipo uone walichokificha. Mwimbaji Nyota Ndogo, aliyewahi kufanya kazi za ndani kabla ya kujulikana, aliuita wimbo wake "Watu na Viatu", na jina tu linakutuma ukafikiri. Hao hawakuhitaji udi. Walihitaji kuyahangaikia maneno, wakayahangaikia.

Watunzi nao hawajaisha. Taifa Leo bado inachapisha mashairi yenye vina na mizani kamili, na Mombasa haikosi mzee mwenye daftari lililojaa tungo ambazo hazijawahi kupata sauti. Kinachotakiwa ni mwimbaji wa miaka ishirini na mbili atoke Kisauni, avuke daraja la Nyali, abishe hodi Kibokoni, Mji wa Kale, na aombe beti sita. Na mzee akubali kwamba ala itakuwa kompyuta, na kwamba jina lake litaandikwa na malipo yatagawanywa. Kwa kijana sina wasiwasi sana. Mzee ndiye sijui kama atafungua mlango.