Desemba, Panda Ndege ya Alfajiri

Kila Krismasi ikikaribia, nikimsikia mtu akilalamikia uwanja wa ndege namuuliza swali moja: ndege yako ilikuwa ya saa ngapi? Mara nyingi ni ya jioni. Alitaka amalize kazi kwanza, apitie dukani, ndipo aondoke. Mimi nasema adha yake ilianza siku aliyonunua tiketi, kabla hata ya kuiona foleni ya Embakasi, ulipo uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi.

Ndege za safari za ndani hazipumziki. Hiyo itakayokupeleka Mombasa jioni huenda imeshinda ikienda Kisumu na kurudi, kisha Eldoret na kurudi. Kila inapotua hupewa muda mfupi tu wa kushusha watu, kusafishwa na kupakia wengine. Abiria mmoja akikosa kutokea ilhali begi lake limeshapakiwa, lazima begi litafutwe lishushwe. Dakika hizo hubebeshwa safari inayofuata, nayo huibebesha ile ya baada yake, hadi ya usiku ikakuta deni la mchana kutwa. Kisumu nako ngurumo na mvua hupenda kuingia alasiri. Ndege ya kwanza ya siku haina deni la mtu, kwa kuwa mara nyingi imelala papo hapo uwanjani.

Utaniambia kuna ukungu. Kweli, zipo asubuhi ambapo Nairobi huamka imefunikwa na marubani wakangoja. Lakini aliyecheleweshwa saa kumi na mbili asubuhi ana siku nzima ya kutafutiwa ndege nyingine. Aliyefutiwa safari saa mbili usiku, na watoto wamechoka, anatafuta pa kulala.

Halafu kuna barabara. Ile ya juu ya kulipia jijini Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilipofunguliwa mwaka 2022 wengi tulidhani habari ya kukosa ndege imekwisha. Imesaidia, sikatai. Ila lazima kwanza uifikie, na mtu wa Rongai, Kikuyu au Kasarani hula msongamano wake wote kabla ya kuiona. Boda nayo hairuhusiwi kupanda kule juu, kwa hivyo usiitegemee kukuokoa dakika za mwisho. Saa kumi alfajiri hata barabara ya chini, ya bure, inapitika.

Ukifika lango la uwanja, abiria wote hushuka garini na kupita kwenye ukaguzi kwa miguu huku dereva akizunguka na gari. Siku ya kawaida ni jambo dogo. Wiki ya Krismasi, ukiwa na nyanya anayetembea polepole na mtoto aliyelala begani, hapo peke yake panakula muda. Soma tiketi pia: jengo la 1A si la 1D, na ndege nyingi za Maasai Mara huruka kutoka uwanja mdogo wa Wilson, upande wa Lang'ata, mbali kabisa na Embakasi.

Sasa mizigo ya watu. Hapa nitawaudhi baadhi ya jamaa zangu. Ukishatangaza unaenda ushago, yaani kijijini kwenu, simu zinaanza: "Mwanangu, si una nafasi kidogo? Nipelekee tu kitu kwa mama." Kitu chenyewe ni sufuria, blanketi na viatu vya watoto watatu. Matokeo yake utayaona kwenye kaunta: mtu amepiga magoti sakafuni, begi wazi, anavaa makoti mawili ili kilo zipungue. Zaidi ya aibu, ukiulizwa kama ulifunga mzigo mwenyewe utajibu nini? Kataa kwa heshima, umwambie shangazi kuna mabasi yanayopokea vifurushi. Mwenye safari ya nje akumbuke kwamba achari na asali huhesabiwa kama maji: chupa ikizidi mililita 100, isiwe kwenye begi la mkononi. Betri ya kuchajia simu ni kinyume chake, hiyo lazima uibebe mwenyewe ndani.

Mashirika ya ndege nayo siyaachi. Ofa ikitoka, ujumbe unaingia kwenye simu hata usiku. Ndege ikichelewa, tunasoma habari kwenye ubao tukiwa tumeshafika, teksi imeshalipwa. Namba zetu wanazo. Mtu akiambiwa mapema angebaki nyumbani akinywa chai.

Kurudi ni vilevile, isipokuwa mwanzoni mwa Januari shule na ofisi huita pamoja, kwa hivyo nunua tiketi ya kurudi siku ile ile ya kwenda. Na nafasi za alfajiri zikijaa? Kwa Mombasa mimi hupanda treni ya asubuhi pale Syokimau kuliko ndege ya jioni. Ni saa kadhaa zaidi, lakini unaziona mbuga za Tsavo zote mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, dirishani na begi lako liko karibu nawe. Tiketi zake nazo Desemba huisha mapema, basi usingoje hadi wiki ya mwisho.